Uzi Mweusi wa Dobi

Katika miaka ishirini na mbili ya kufua mashuka ya hospitali, Bi Fundo hakupoteza hata foronya moja. Mwenyewe ndivyo alivyokuwa akisema, na ole wake aliyebisha. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kuanzia mlinzi wa getini hadi daktari mkuu, wote walimwita Bi Fundo, kwa sababu ya nyuzi zake.

Nyuzi zenyewe zilianza kwa hasira. Mwaka wake wa pili kazini, mtunza stoo alisimama mbele ya watu akasema mashuka sita yamepotea, na dobi ndiye aliyeyapitisha chini ya gauni. Daftari lilisema hivyo, na Bi Fundo, aliyeishia darasa la pili, angebishana vipi na daftari? Mashuka yalikuja kuonekana nyuma ya kabati la wodi ya watoto. Hakuna aliyemwomba radhi.

Basi akanunua nyuzi za rangi. Nyekundu ya wazazi, kijani ya upasuaji, manjano ya watoto. Kila shuka likiingia kufuliwa, fundo moja. Mwezi ukiisha, nyuzi zinaning'inizwa msumarini na nyingine zinaanza. Daftari lina kifutio, alikuwa akisema, fundo halina. Tangu hapo mtunza stoo akawa anakuja kumuuliza yeye, na kila akija Bi Fundo alimwacha asimame kwanza.

"Siku ukifa tutakuzika na nyuzi zako, ukawahesabu wafu," alimtania mzee wa boila, aliyechochea moto wa kuchemshia maji upande wa pili wa ukuta.

"Na wewe tutakuzika na koleo lako, maana huko uendako moto hauzimwi."

Uzi mweusi ulikuwa wa chumba cha mwisho.

Chumba hicho kilikuwa mwisho wa korido, kitanda kimoja, dirisha moja lililopakwa rangi nyeupe. Wanawake waliofika wanatoka damu walilazwa humo, waliopoteza mimba kwa bahati mbaya na waliozitoa wenyewe majumbani kwa njia wanazozijua wao. Bi Fundo hakuuliza yupi ni yupi. Damu ni damu, inataka maji baridi na chumvi. Ukiitia maji ya moto umeikaribisha ikae.

Muuguzi wa chumba hicho alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wake. Alimchukua ana miaka minne, akamsomesha kwa mikono iliyopasuka kwa sabuni. Sasa binti alikuwa mrefu hata akainama kupita mlango wa kufulia, na watu wakamwita Sista Mrefu. Bi Fundo hakuwa na mtoto mwingine.

Habari ya sheria mpya waliisikia kwenye redio ya mzee wa boila, asubuhi, mashuka yakiwa kwenye pipa. Zamani madaktari wawili wakikubaliana kwamba mama atakufa, mimba ilitolewa papo hapo. Sasa Bunge limepitisha kwamba kibali kitoke makao makuu, kwa barua. Tena kila mwanamke atakayefika na damu aandikwe jina na mahali anapokaa, na orodha ipelekwe polisi. Na mfanyakazi atakayejua akanyamaza, kifungo chake miaka saba.

"Barua!" mzee wa boila akasema. "Mimi barua ya mafao yangu naisubiri mwaka wa tatu."

Bi Fundo alicheka. Wiki iliyofuata hakucheka. Kiti kiliwekwa kwenye korido, kimetazamana na mlango wa chumba cha mwisho, na kila asubuhi kulikuwa na mtu amekikalia, leo huyu, kesho yule, asiyesoma gazeti wala kusinzia. Wauguzi wakaanza kuzungumza kwa macho. Daktari wa zamu akaomba uhamisho. Mwanamke mmoja mwenye mimba ya miezi minne, moyo wake mbovu, alilazwa wodi ya wazazi siku kumi na tisa kungojea barua. Barua ilifika. Shuka lake lilikuwa limeshafika kwa Bi Fundo kabla ya barua, likiwa na lile fundo la pembeni wanalofunga watu wa mochwari.

Siku hiyo Sista Mrefu aliingia kufulia, akasimama katikati ya mashuka yaliyoanikwa.

"Mama mkubwa, mtu akikuuliza lolote kuhusu chumba changu, hujui."

"Mimi nisijue? Mimi nimejua mashuka ya hospitali hii wewe hujui hata kufunga kamba za viatu!"

"Hujui, Mama. Wewe ni dobi tu. Sema hivyo, basi."

Dobi tu. Neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alilala nalo, akaamka nalo, na lilikuwa bado pale mkaguzi kutoka makao makuu alipokuja.

Alikuwa kijana mpole, viatu vyake vinang'aa, hata pale kwenye sakafu ya maji hakuvilowesha.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

"Sitakuchelewesha. Nimekuja tu kwa utaratibu. Stoo wameniambia hapa hakuna kumbukumbu, dobi hajui kusoma wala kuhesabu."

"Nani kasema?"

"Mtunza stoo."

Nyuma ya ukuta mzee wa boila alikohoa, kikohozi cha mtu anayeonya. Bi Fundo alikisikia, akajifanya hakukisikia. Alijifuta mikono, akaenda msumarini.

"Hajui kuhesabu! Njoo hapa, mwanangu. Huu ni wa wazazi, mashuka arobaini na sita. Huu wa upasuaji, ishirini na nane. Kamuulize yeye kama daftari lake linamwambia hivyo bila kuongopa."

"Na huu mweusi?"

"Chumba cha mwisho. Huu hata mtoto anausoma. Kitanda kimoja, shuka moja, kila fundo ni mwanamke mmoja. Mwezi huu, kumi na mmoja."

Kalamu ya mkaguzi ilisimama. Alifungua faili lake, akatazama ukurasa mmoja, akalifunga taratibu kama anayefunika chungu.

"Kumi na mmoja," akasema. "Asante, Bibi. Hakika wewe ni mtu wa kumbukumbu. Kesho saa nne tutaomba uje ofisini kwa daktari mkuu, uwaeleze na wenzangu."

Alipotoka na nyuzi za mwezi ule mkononi, mzee wa boila alichungulia, uso mweusi kwa masizi.

"Bi Fundo. Umefanya nini?"

Alijua amefanya nini. Mdomo wake ulikuwa umeponza kichwa, na si kichwa chake.

Jioni, mtu wa kwenye kiti ameshaondoka, alimkuta Sista Mrefu chumba cha mwisho, ameketi kwenye kitanda kitupu.

"Umeandika wangapi?"

"Watatu."

"Na wanane?"

"Walikuja usiku, kile kiti hakina mtu. Wangetoka hapa kwa pingu, Mama mkubwa. Mmoja ana miaka kumi na mitano. Alinishika mkono, akaniomba nisimwandike. Ningemwandikaje?"

Bi Fundo aliketi kando yake.

"Kesho ukirudia uliyosema leo, naenda miaka saba," binti akasema. "Labda useme ulikosea kuhesabu." Kisha akatabasamu, tabasamu bila furaha, kwa sababu alimjua aliyemlea. Huyu ndiye aliyetia chumvi kwenye chai badala ya sukari, akainywa birika zima akisema ndivyo alivyoitaka.

Saa nne kamili ofisi ilikuwa imejaa. Daktari mkuu, mkaguzi na wenzake wawili, mtunza stoo mlangoni mikono kifuani. Sista Mrefu alisimamishwa ukutani. Mezani, peke yake, uzi mweusi.

"Bibi," mkaguzi akasema, "tueleze, huu una mafundo mangapi?"

"Sijui."

"Jana ulijua."

"Jana nilijigamba. Mafundo nayafunga hovyo tu, baba. Siku nyingine nafunga mawili kwa shuka moja, nikisahau. Mimi mzee."

"Basi hesabu haya." Akamwekea mbele uzi mwekundu wa wazazi.

Vidole vyake vilijua. Vilipita juu ya mafundo vikajua arobaini na sita kama vinavyojua moto na baridi. Bi Fundo akaanza kwa sauti. Alipofika kumi na tano akaruka. Ishirini akaitaja mara mbili. Akapotea, akarudi, akasema, "Thelathini na... hamsini. Hamsini na mbili?"

Mmoja wa wenzake mkaguzi alicheka. Daktari mkuu aliinamisha uso. Kule mlangoni mtunza stoo akapiga makofi mara moja.

"Nilisema! Miaka ishirini nasema! Sasa yale mashuka sita nani aliyaficha nyuma ya kabati?"

Chozi lilikuja likarudi, hakulipa ruhusa. Alimtazama mtunza stoo usoni, akasema neno ambalo tangu azaliwe halikuwahi kupita mdomoni mwake.

"Nilikosea."

Sista Mrefu aliugeuzia ukuta uso.

Mkaguzi akauchukua uzi mweusi, akauzungusha vidoleni vizuri, akautia kwenye bahasha na kuilamba gundi.

"Sawa, Bibi. Umekosea. Ila huu nitakaa nao. Watu wanaosahau kuhesabu, mara nyingine hukumbuka baadaye." Akamtazama Sista Mrefu. "Na wewe, endelea na kazi. Tupo."

Bi Fundo aliachishwa siku ile ile, kwa uzee na upotevu wa mali. Nyuzi za miaka ishirini zilichomwa na mzee wa boila mwenyewe, kabla wakaguzi hawajazifuata. Kiti cha korido hakikuondoka. Chumba cha mwisho kikabaki na kitanda kilichotandikwa vizuri, siku baada ya siku, na kwenye redio wakasema sheria inafanya kazi, wanawake wanaofika na damu wamepungua hospitali zote.

Mwezi wa pili, asubuhi, Bi Fundo akiwa uani kwake, jirani alibisha. Mama mtu mzima, macho mekundu, amekumbatia beseni lililofunikwa kwa taulo.

"Bi Fundo, nimesikia wewe unajua kutoa madoa."

"Ya nini?"

Mwanamke hakujibu. Bi Fundo aliinua pembe ya taulo, akairudisha.

"Mwenyewe yu hai?"

"Mpaka sasa hivi."

"Mpeleke hospitali."

"Nani ampeleke, dada yangu? Kile kiti bado kipo."

Bi Fundo akarudishia mlango wa uani wasisikike.

"Rudi kwake. Mwinulie miguu, umfunike. Namwita binti yangu, atapitia nyuma." Alituma ujumbe, akachota maji baridi, akatia chumvi. Juma lile yalikuja mabeseni mengine mawili. Lililofuata, manne, na moja katika hayo mwenyewe hakurudi kulichukua, wala nyumba yao haikutuma mtu.

Aliyafua yote. Mkono wake wa kulia, kila alipomaliza shuka, ulikwenda wenyewe mfukoni kutafuta uzi. Akaurudisha mtupu ndani ya maji.