Mafuta Chini ya Boneti

Juzi nilipopeleka kombi yangu kukaguliwa kule Smithfield, harufu ya gereji ilinirudisha kwenye alasiri moja ya utotoni.

Kombi ya baba ilikuwa kuukuu, lakini ndiyo iliyompeleka kazini na kubeba waimbaji wa kanisa letu pale Macquarie Fields. Kila mwaka ilipita ukaguzi. Niliamini ni kwa sababu ya mama, aliyeiombea na kuupaka usukani mafuta ya zeituni. Mwaka ule injini ilikuwa ikikohoa, basi mama akafungua boneti akaipaka injini yenyewe, bila kubania.

Kule gereji, fundi alimulika tochi. "Injini inavuja mafuta. Siwezi kuipitisha."

Mimi nilidhani Mungu ameikataa kombi yetu. Mama akasema polepole, "Hayo ni ya maombi." Fundi akagusa, akanusa, akaifuta injini kwa kitambaa na kuikagua upya. Ikapita.

Leo najua kwamba kila mwaka, kabla ya siku ya ukaguzi, baba alikuwa akibadilisha breki mwenyewe.

Juzi mama alikuwa nami. "Mama, injini usiiguse," nilimwambia.

"Sijaigusa," akajibu, akinionyesha kiganja kinachong'aa. "Nimemsalimia fundi tu."