Domitila, Asikiaye kwa Nyayo

Saa moja asubuhi, kijijini Sapiwi, Bariadi. Foleni ya ndoo za mahindi imeshafika barabarani. Domitila Mabula anavua kandambili, anasimama peku juu ya saruji na kuwasha mashine ya kusaga. Anasubiri mtetemo upande kutoka kisiginoni hadi gotini, utulie. Ukishatulia, anaita ndoo ya kwanza.

Domitila, mwenye miaka 41, hasikii. Homa ya uti wa mgongo ilimwondolea usikivu akiwa na miaka 23. Maneno ya watu anayasoma midomoni. Yake huyasema kwa sauti nzito asiyoisikia mwenyewe.

"Mwanzo niliona dunia imezimwa," anasema. "Baadaye nikagundua haijanyamaza. Ng'ombe wakipita, miguu inaniambia. Mvua naijua nikiegemea ukuta. Nilidhani masikio peke yake ndiyo yanasikia."

Kwa miaka sita alifagia pumba hapa kwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Aliyeendesha mashine alikuwa Jilala, fundi mwenye masikio mazima.

Julai mwaka jana, chumba kikiwa kimejaa wanawake, Domitila alihisi jambo. "Kama nzi amenaswa chini ya unyayo. Mtetemo unakatika, unarudi." Akagusa unga uliokuwa ukitoka. Ulikuwa wa moto kupita kawaida. Akamwambia Jilala azime.

"Mashine inanguruma vizuri tu," Jilala akamjibu. "Wewe kiziwi utaniambia nini?"

Domitila alimpita, akazima mwenyewe.

Wengine wakacheka, wengine wakafoka. Mwenye mashine, mzee Selestini, akaitwa. "Nilikuja nimeshaamua kumfukuza," anakiri.

Kifuniko kilipofunguliwa, wote wakaona. Chuma kinachoshika nyundo, vile vipande vinavyoponda mahindi, kilikuwa kimepasuka, kimebakia kipande chembamba kama kucha. Kingekatika, nyundo zingetoboa bati na kurukia watu.

"Wa kwanza kwenye foleni nilikuwa mimi, mjukuu mgongoni," anasema Nyanjige, mkulima wa pamba. "Nilimshika mkono. Nikamwambia, wabeja mayu, asante mama, wabeja."

Kesho yake Selestini alimkabidhi ufunguo, na mshahara ukapanda hadi 200,000. Jilala alibaki kuwa fundi wa matengenezo. Alimwomba radhi mbele ya wateja, na siku hizi akija kukagua, naye anavua viatu.

"Bado sijafikia miguu yake," anasema.

Sasa Domitila anajiandaa kufungua mashine yake mwenyewe ya kusaga huko Nkololo, kwenye kitongoji ambako wanawake hubeba mahindi kilomita saba. Chumba kimeshaezekwa. Mwezi uliopita alikwenda Bariadi mjini kuchagua mashine, na muuzaji akamshauri arudi na mtu wa kumsikilizia.

"Nikamwambia, wewe washa," anasimulia, akicheka kwa nguvu. "Aliwasha tatu. Mbili nikazikataa, akazifungua, akakuta kweli zina kasoro. Ya tatu ndiyo yangu. Mahindi ya mwaka huu yakikauka, yataikuta Nkololo."