Sentimita na Foleni ya Uongo

Mtaani kwetu shangazi yangu anaitwa Sentimita, kwa sababu hana dogo likija suala la vipimo. Ukimpelekea suruali ya kukata, atakupima, atakupima tena, halafu atakuuliza kama umekula. Cherehani yake iko chumba cha mbele, dirisha likitazama njia, na ndani ya chumba hicho amenilea mimi, mtoto wa kaka yake, tangu wazazi wangu walipofariki.

Mguu wangu wa kushoto haukukua sawasawa, natembea kwa magongo. Kiangazi sina neno. Mvua ikianza, njia yetu inageuka tope tupu, magongo yanazama. Miaka yote ya shule ya msingi Shangazi alinibeba mgongoni mpaka kwenye lami, viatu vyangu kavitia mfukoni mwa aproni. Nilipokuwa mkubwa wa kutobebeka, siku za mvua nilibaki ndani nikishona vifungo. Alijua sipendi, nami nilijua inamuuma.

Kwa hiyo mhandisi wa manispaa alipokuja ofisi ya mtaa kutueleza mpango wa barabara, Shangazi alikaa mstari wa mbele. Mhandisi, mtu mpole mwenye sauti ya kukwaruza, hakutuficha kitu. Fungu la barabara ni dogo, alisema, na mitaa ni mingi. Njia inayopitwa na vyombo vingi hupata pointi nyingi, na mtaa ambao wakazi wako tayari kuchimba mitaro wenyewe huongezewa. Wiki inayofuata karani wake angekuja kukaa kwenye kona yetu, ahesabu kila kinachopita. Laiti angemleta siku hiyohiyo, tusingepata muda wa kula njama.

Siku ya kuhesabu, waendesha pikipiki wote wa mtaa walizunguka kutwa. Gari la mwenye duka lilipita kuelekea mjini, likarudi kwa nyuma ya soko, likapita tena kana kwamba limesahau kitu. Shangazi mwenyewe alipanda nyuma ya pikipiki, na kwa kuwa vitambaa kwake si tatizo, kila mzunguko alibadilisha mtandio. Nilikaa dirishani nikicheka mpaka mbavu zikauma. Karani, binti mwenye kofia pana, aliandika tu bila kuinua kichwa.

Tulifaulu kupita kiasi. Miezi ikapita, wakaja vijana na ndoo ya rangi nyekundu, wakachora alama ya X kwenye ukuta wa chumba cha mbele. Kwa hesabu zile, walisema, njia yetu si ya mtaa tena. Itapanuliwa iwe barabara ya kupunguza foleni ya mjini. Chumba cha cherehani kingeondoka. Ng'ambo, mzee fundi viatu angepoteza nyumba nzima.

Wale wa pikipiki wakawa mabubu. Wengine wakashauri tunyamaze tupokee fidia. Shangazi alikaa kwenye cherehani bila kushona, kisha akaniita.

"Mwanangu, nikisema ukweli wanaweza kutufuta kabisa kwenye mpango. Utabaki na matope yako. Nikinyamaza unapata lami, ila chumba hatuna, na yule mzee wa viatu atalala wapi?"

"Nimeshazoea matope, Shangazi," nikasema. Haikuwa kweli, na alijua. Mpaka leo namshukuru kwamba hakunibishia.

Kikao cha bajeti kilikuwa wazi kwa wananchi. Shangazi alipiga moyo konde, akasimama katikati ya ukumbi, futikamba ingali shingoni.

"Mheshimiwa mwenyekiti, ile foleni mliyoihesabu kwetu ilikuwa mimi," alisema. "Mimi na mitandio yangu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alieleza yote bila kumtaja mwenzake hata mmoja, akaomba radhi, akaomba njia ya mtaa tu, ndogo, isiyogusa ukuta wa mtu.

"Mama, fungu lile lingekwenda kumalizikia mahali pasipo na magari," mhandisi alisema. "Tutahesabu upya. Mkizunguka tena, mimi nanyi basi."

Karani aliporudi, watu waliogopa hata kutoka nje. Mtaa ukawa kimya kama kuna msiba. Ilibidi Shangazi apite nyumba kwa nyumba akigonga milango.

"Jamani, nendeni kazini kama kawaida. Mnataka tuhesabiwe sifuri?"

Pointi zetu zilikuwa chache, lakini mitaro tulichimba wenyewe, mzee wa viatu akiwa wa kwanza kushika sururu. Bajeti iliyofuata tukapangiwa vitofali vya saruji. Si lami, ila vimepangwa vizuri mpaka mlangoni kwetu, na ukuta wetu umesimama na X yake. Namshukuru mhandisi aliyetusamehe, na yule binti aliyekubali kuja kutuhesabu mara ya pili.

Mvua ya kwanza ilinikuta nimeshavaa. Shangazi alitangulia mlangoni, akavua kandambili, akainama na kunigeuzia mgongo.

"Shangazi, unafanya nini?"

Alibaki ameinama hivyo kidogo, kisha akainuka taratibu, mkono kiunoni, machozi yakimlengalenga.

"Nilisahau," akasema. "Haya, pita."

Nilishusha gongo la kwanza, kisha la pili. Hayakuzama.