Mafiga Niliyoyaacha Makambako

Ipo siku moja haijanitoka, mwanangu, na hunirudia kila ninaposikia mtu anauza nyumba. Upepo wa Makambako ulikuwa unavuma ule wa kukunyang'anya kitenge kiunoni, nami nimesimama uwanjani kwangu, tayari kwenda kusema uongo ofisi ya kodi. Sikuuona kuwa uongo mkubwa. Yalikuwa maneno mawili tu: naishi hapa.

Nyumba ile tuliijenga mimi na marehemu mume wangu. Matofali tulifyatua na kuchoma wenyewe, na mabati yalitoka kwenye viazi. Tukaishi humo miaka tisa. Alipofariki nilirudi Matembwe kwa mama mkwe wangu, nikalime, nyumba nikampangisha Mama Neema, fundi wa kushona nguo aliyetoka kule Manda, ziwani. Mwanamke mtaratibu. Kila Krismasi alikuwa ananiwekea dagaa wa kwao kwenye kikapu, na pango hakuwahi kuchelewesha.

Sasa sikia kosa langu lilikoanzia. Nilipoondoka Makambako sikuyang'oa mafiga yangu. Kwetu sisi, kama nilivyofundishwa, mwanamke anayetegemea kurudi huyaacha mawe yake jikoni, na ukiyang'oa umesema mji umevunjika. Basi niliyaacha yote matatu kwenye jiko la nje, na sanduku langu la bati nikalifungia stoo. Miaka sita Mama Neema akapikia mafiga yale, nami moyoni nahesabu kuwa sijahama.

Akaja mfanyabiashara wa mbao, anaitaka nyumba. Na wakati huohuo shamba linalopakana na letu pale Matembwe lilikuwa linauzwa, nami nilikuwa nalitamani tangu niolewe. Dalali akaniambia nisitaje mpangaji kabisa. Nyumba anayoishi mwenyewe ina nafuu kwenye kodi ya mauzo, alisema, lakini ukishapangisha watakuuliza maswali mengi, mpaka ya pango la miaka yote. Na kweli, ofisi ya kodi sikuwahi kuipelekea taarifa ya pango hata mara moja. Akaandika karatasi kwamba Mama Neema ni mdogo wangu, nimemkaribisha tu, anakaa bure.

Mimi nimeishia darasa la nne, lakini karatasi ile niliielewa vizuri. Asije mtu akanitetea kwamba sikujua.

Nilimpelekea Mama Neema. Aliisoma huku mguu umesimama kwenye cherehani. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, nikiweka sahihi hapa, mwenye nyumba mpya akinitoa, mimi nitamwonyesha nini?"

Mkataba wake ulikuwa unaishia Desemba, na mtoto wake Neema alikuwa darasa la saba, amebakiza wiki chache afanye mtihani. Nilimwambia asinisumbue. Akaweka sahihi, kwa sababu mimi ndiye mwenye nyumba na yeye hana pa kwenda. Kodi nilikuja kuilipa, mwanangu, lakini sahihi ile bado inaniuma.

Basi siku hiyo ya upepo nilikuwa nimefuatana na mama mkwe wangu. Alitaka kuiaga nyumba aliyoijenga mwanawe, baada ya hapo twende ofisini. Tulipofika tukamkuta Mama Neema anafunga vyombo kwenye mkeka.

"Kamwene, mwanangu. Mbona unahama?" mama mkwe akamsalimu kwa lugha ya kwetu, akauliza.

Mama Neema hakuniangalia. Akaeleza kwamba mnunuzi alipita jana, akaonyeshwa karatasi na dalali, akasema mgeni wa mwenye nyumba huondoka na mwenye nyumba, awe ametoka kufikia Jumamosi. Mnunuzi hakuwa mtu mbaya. Alisoma nilichoandikisha mimi.

Mama mkwe akaingia jiko la nje, akachuchumaa, akaniita. Akanishika mkono, akaupeleka kwenye majivu. Yalikuwa ya moto.

"Haya ya nani?"

"Ya Mama Neema."

"Na wewe jana umekula wapi?"

"Matembwe, kwako."

"Basi unaishi wapi?"

Nikajitetea kwamba mafiga ni yangu, sikuyang'oa, na yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha.

"Mawe ni yako," akasema. "Moto si wako. Mwanangu alijenga nyumba hii hakuiba hata tofali. Wewe unataka kuiuza kama mali ya wizi?" Halafu akainuka, amejishika kiuno. "Na mimi nikifa, utaandika kwamba nilikuwa mgeni wako?"

Mama Neema alicheka bila kutaka, akajiziba mdomo kwa khanga. Mimi sikucheka. Niliomba ile karatasi kwa dalali siku hiyohiyo nikaichoma kwenye mafiga yaleyale, na dalali akaniambia mimi ni mwanamke nisiyejua maisha. Nikamjibu kwamba nitajifunza.

Nilikwenda kwa mnunuzi nikamweleza yote. Alinung'unika, akataka nimpunguzie bei, nikampunguzia. Lakini mbele ya mwenyekiti wa mtaa tuliandikishana bei ya kweli, na kwamba Mama Neema ni mpangaji, atakaa mpaka mkataba wake uishe. Nilisimama pale mpaka mhuri ulipogongwa. Sikukubali kukaa hata nilipoletewa kiti.

Kisha nikapanda kwenda Njombe mjini, ofisi ya kodi. Nilimkuta binti wa rika la mwanangu. Nilimwambia lini tulijenga, tuliishi miaka mingapi, nilipangisha lini na kwa kiasi gani, na kwamba pango sikulitolea taarifa. Akaweka kalamu chini.

"Bibi, una risiti zozote za ujenzi?" akauliza.

Akanieleza kwamba kodi ya mauzo haichukuliwi kwenye bei yote; wanatazama faida, na gharama za kujenga huondolewa kwanza zikiwa na ushahidi. Nikalikumbuka sanduku langu la bati kule stoo, nikarudi kulifungua. Mume wangu alikuwa mtu wa kutunza karatasi, nami nilikuwa namcheka. Zilikuwepo humo, za mabati, za saruji, hata za misumari, ndani ya kopo la biskuti. Ningesema naishi pale, nani angeniuliza habari za risiti?

Lakini usidhani nilitoka nacheka. Kodi ya pango nililipa pamoja na adhabu yake, na ile ya mauzo nikalipa, na fedha iliyobaki ilinunua nusu tu ya shamba. Nusu ile ndiyo unayoiona ina maparachichi. Ile nyingine ina nyumba ya jirani, na kila asubuhi naitazama. Haijanipunguzia usingizi.

Neema alifanya mtihani wake akitokea nyumba ileile. Desemba Mama Neema alipohama, nilikwenda nikayang'oa mafiga kwa mikono yangu, nikayatia kwenye gunia. Utingo wa basi aliponyanyua akauliza bibi amebeba nini. Nikamwambia mji wangu.

Sasa wewe unataka kuuza nyumba uliyoihama. Nisikilize. Nenda ofisi ya kodi kabla hujaweka sahihi, usimwachie dalali akusemee. Siku uliyohama iseme, na mpangaji mtaje kwa jina. Pango likiingia, litolee taarifa mwaka huohuo, lisikusubiri kama lilivyonisubiri mimi. Bei iandikwe ileile mliyopatana. Risiti zitunze, hata ya misumari. Na mtu aliyelala chini ya bati lako akakulipa, usimfute kwa karatasi ili wewe upate nafuu, maana hapo unakuwa umemuuza na yeye.

Mungu akupe nyumba, mwanangu, na akupe kuiacha kwa moyo mweupe. Popote utakapopika, majivu yawe yako. Na siku ya kung'oa mafiga ikifika, uyainue mwenyewe, mchana, watu wote wakikuona.