Maelezo ya Nicanor, Fundi Blenda

"Maelezo yenu yameniua, don Nicanor! Nimefuata neno kwa neno, na orodha yangu imefutika yote!"

Doña Primitiva Rocabado akaibwaga simu yake mezani, katikati ya blenda nne zilizofunguliwa matumbo. Huyu mama ndiye mgawa maji wa kijiji kimoja huko milimani, juu ya mji wa Quillacollo. Kaya arobaini na tatu zinamwagilia kutoka mfereji mmoja, kila moja kwa saa zake, na zamu zote zilikuwa ndani ya simu hiyo. Leo ni Jumanne. Alhamisi asubuhi bwawa la mlimani linafunguliwa. Bila orodha watu watakutana mferejini na makoleo, na hayo makoleo hayatachimba udongo.

"Umebonyeza nini?" Nicanor akauliza.

"Kilichoandikwa! 'Mwezi ukiisha, bonyeza Anza Upya.' Nikabonyeza. Ikaanza upya kweli, kama vile kijiji hakijawahi kuwa na watu!"

"Halafu ukagusa nini?"

"Sijagusa kitu. Imekufa yenyewe."

Nicanor Terceros akamwangalia kwa jicho la pembeni. Imekufa yenyewe. Maneno hayo anayasikia mwaka wa kumi na tisa sasa, kwenye kibanda chake hapo hapo sokoni. Mtu anakuletea blenda ina mfupa wa kuku ndani, anakuapia hajaigusa. Kazi hiyo ilimfundisha kutomwamini mtu yeyote. Hata supu ya mkewe anainusa kwanza.

Sasa hiyo programu ya zamu iliyomo kwenye simu inaitwa Larka, yaani mfereji kwa Kikechua. Ni ya bure, na yeyote anaruhusiwa kuichukua, kuifungua, kuitengeneza. Iver Zenteno, kijana wa Cochabamba mjini, ndiye anayeiandika. Nicanor aliandika maelezo ya kuitumia, kwa sababu anajua kuongea na watu wanaoogopa vitufe. Miaka minne iliyopita alizunguka vijijini na pikipiki, akiwasomea akina mama sentensi moja moja, na wakikunja uso tu anaifuta anaandika nyingine. Hakuna kitu alichokionea fahari kama kile, ingawa hakumwambia mtu.

Mwaka jana Iver akabadilisha kile kitufe. Zamani Anza Upya kilifungua ukurasa wa mwezi mpya, sasa kinafuta kila kitu. Nicanor akamwandikia: rekebisha maelezo. Iver akajibu: tayari, kaka. Lakini kila Nicanor akichungulia, maneno ni yale yale ya zamani. Angeweza kuyarekebisha mwenyewe kwa dakika tano. Hakutaka. Aliyebadilisha kitufe ndiye abadilishe na maelezo, aliona hivyo. Halafu akaanza kuwaza mengine. Iver anafundisha darasa la Larka mjini. Maelezo yakiwa mabovu, darasa linajaa, si ndiyo?

"Subiri hapo mama," akasema. "Leo namkamata huyu mtu."

Akapiga simu, akaweka sauti ya juu ili mama awe shahidi.

"Iver! Ulisema umerekebisha maelezo. Niko na mama hapa amepoteza zamu za kijiji kizima. Darasa lako lina watu wangapi mwezi huu?"

Iver akasema, "Don Nicanor, unaniuliza mimi? Nimerekebisha mara tatu. Mara tatu umefuta."

"Mimi?"

"Wewe. Nikasema basi, mzee hataki mtu aguse maandishi yake, nikanyamaza. Fungua historia uone jina la nani lipo."

Kwenye kazi za aina hii kila anayegusa maandishi jina lake linabaki, na saa yake pia. Nicanor akafungua, miwani puani. Iver Zenteno, amerekebisha. Nicanor Terceros, amerudisha ya zamani. Iver tena. Nicanor tena. Na mara ya tatu hivyo hivyo. Na kila mara aliyerudisha amerudisha Jumapili, saa saba kamili mchana.

"Ahaa!" Nicanor akaruka. "Jumapili saa saba niko kwa mama mkwe wangu nakula nguruwe wa kukaanga, na pale mezani simu hairuhusiwi! Umeiba pasiwadi yangu, Iver!"

"Pasiwadi yako nikaifanyie nini, nikatengeneze blenda?"

"Mtu ameingia kwa jina langu! Mimi maelezo hayo sijayagusa mwaka wa pili huu! Sijagusa kabisa!"

Doña Primitiva alikuwa ameinama. "Don Nicanor," akasema taratibu, "na hiki kinachonguruma chini ya meza ni nini?"

Nicanor akainama naye. Nyuma ya boksi la mota zilizoungua, kompyuta yake ya zamani ilikuwa imekaa na vumbi lake, feni inazunguka. Akakumbuka, na masikio yakapata moto. Enzi zile mtandao wa sokoni ulikuwa unakatika kutwa, isipokuwa Jumapili mchana watu wakienda kula. Kwa hiyo alikuwa anaandika wiki nzima, na kompyuta akaiagiza iyapeleke maelezo mtandaoni yenyewe kila Jumapili saa saba, iweke nakala yake juu ya iliyopo. Kuandika akaacha. Kuizima hakukumbuka.

"Halo? Don Nicanor?"

Angeweza kuuchomoa waya wa kompyuta kwa mguu, akakata simu, kisha akasema mtandao umekatika. Mama alikuwa anamtazama vile vile yeye anavyowatazama wenye blenda.

"Ni mimi," akasema. "Mashine yangu. Mimi ndiye nilikuwa nafuta."

Iver hakucheka, na hilo likamuuma zaidi. Akauliza tu, "Huyo mama ameifungua Larka tena baada ya kufuta? Nakala ya mwisho imebaki humo, lakini ukiifungua Larka tu, nakala inapotea. Hilo nalo nililiandika kwenye maelezo uliyofuta."

"Sijaifungua," akasema doña Primitiva.

"Kweli mama?" Nicanor hakujizuia. "Hata mara moja?"

"Nimekwambia sijagusa!"

Nicanor akaiunganisha simu ya mama na ile kompyuta kwa waya, akafuata anavyoelekezwa na Iver, jasho linamtoka. Zikatoka kaya arobaini na tatu, saa zao zote. Mama hakuwa amegusa kweli. Akazipitia moja moja kwa kidole, hakumwamini mtu hapo, halafu akadai zote kwenye karatasi, na mhuri wa kibanda chini.

"Na kuanzia leo naandika na kwenye daftari," akasema. "Nyie watu wa vitu vya bure siwaelewi."

Nicanor akauchomoa waya wa ile kompyuta, feni ikanyamaza. Akarudisha maneno ya Iver, na pale pa kueleza sababu akaandika: Nilikosea mimi, N. Terceros. Akaisoma mara mbili.

"Fundi!" Muuza juisi alikuwa anaita kutoka upande wa pili wa soko. "Blenda imekufa! Imekufa yenyewe, sijaigusa!"

Safari hii Nicanor hakumuuliza amegusa nini. Akachukua bisibisi, akatoka.