Maziwa na Majani Mabichi Nyuma ya Pazia

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ufagio. Nilikuwa nimevaa sketi ya kanisani, nikidhani msimamizi wa jukwaa ni mtu wa kusimama na kuonekana. Afisa Utamaduni, bosi wetu pale Mbulu mjini, akacheka. "Binti, fagia kwanza. Mwigizaji akichomwa na msumari, mchezo umekwisha. Watu wasikuone, ila wewe uone kila kitu." Nilinuna asubuhi nzima. Kufikia jioni nilikuwa nimeokota misumari ya kujaza kopo, na kazi nilikuwa nimeshaipenda.

Vijana wakiniuliza kazi yenyewe ilikuwa nini, nawajibu hivi: mwongozaji humfundisha mwigizaji la kufanya, na msimamizi wa jukwaa huhakikisha linafanyika kwa wakati wake. Nilikaa pembeni mwa pazia, andiko la mchezo mapajani. Nikiinua mkono, ngoma inalia. Nikiushusha, pazia linafungwa. Hizo ndizo ishara zetu, na mwongozaji akasirike asikasirike, pazia humsikiliza msimamizi peke yake. Mwigizaji akisahau maneno, mimi ndiye namnong'oneza.

Vifaa vyote vya mchezo vilikaa kwenye meza moja, kila kimoja kimezungushiwa chaki ili kikiondoka nafasi yake ionekane. Nilikuwa mkali juu ya meza ile, nakiri bila kujuta. Aliyethubutu kuweka kikombe chake pale alikikuta nje, na kwa baridi ya kijijini kwetu Daudi chai haimngoji mtu.

Baadaye nikahamishiwa Hanang, kwenye kikundi kilichozunguka vijijini na lori. Tukishusha ubao wa pembeni, lori linakuwa jukwaa. Upepo wa kijiji cha Gitting ulinifundisha kushona vifuko vya mchanga kwenye pindo la pazia. Mwongozaji wetu kule alikuwa mtu wa haraka, mwenye kipaji na sauti kubwa. Tulielewana, mradi asiguse meza yangu.

Mchezo wetu uliopendwa ulikuwa wa mzee anayemlaani mwanawe kwa kuuza ng'ombe wa ukoo anunue pikipiki. Baba aliigizwa na Mzee Bura, mkulima mpole asiyeweza hata kumfokea punda. Mwana aliigizwa na Gidamis, kijana wa familia ya wafugaji, na bila yeye hatukuwa na kikundi. Watu walitembea mbali kuja kumwona yeye.

Tulipofika Nangwa ilikuwa siku ya mnada, mchana, watu wamejaa. Mzee Bura akaitoa laana yake vizuri kuliko siku zote. Nilipotazama nje, wazee walikuwa wameinuka, kana kwamba laana ni ya kweli. Kisha mama mmoja akapanda jukwaani, akamshika Gidamis mkono. Alikuwa mama yake mzazi, na hakuwahi kuuona mchezo ule.

"Twende nyumbani," alisema. "Hutarudi huku tena."

Mwongozaji akanijia mbio. "Funga pazia! Tuendelee na onyesho la pili!"

Sikulifunga. Nilitoka mbele ya watu, jambo ambalo sijawahi kulifanya kabla wala baada ya siku ile, nikamwinamia yule mama. "Shikamoo, mama. Huu ni mchezo tu. Yule mzee anampenda kijana wako."

"Marahaba. Najua ni mchezo," alijibu kwa upole. "Mdomo haujui. Maneno huumba, mwanangu. Aliyeyasema ayaondoe, au mimi naondoka na mtoto wangu."

Nilikuwa na hofu, nasema kweli. Nikaenda nyuma nikachukua kidumu cha maziwa ya chai yetu, nikang'oa majani mabichi kando ya tairi, vitu ambavyo wazee wa kwetu hubarikia, nikamkabidhi Mzee Bura. Hakuhitaji kufundishwa. Alishika majani, akatia funda la maziwa mdomoni, akampulizia Gidamis kifuani, akaanza kufuta laana neno kwa neno. "Nilisema usipate mvua. Upate mvua. Nilisema ng'ombe wako wasizae. Wazae." Wazee kule chini wakaitikia kwa sauti moja.

Akaishia hapo. Mama alikuwa bado hajauachia mkono wa mwanawe. "Bado moja," alisema.

Mzee Bura akanigeukia. Neno lilikuwa limempotea. Nikafungua andiko, nikamnong'oneza kutoka pembeni kama siku zote: "Mlango wako usigongwe na mgeni."

"Mlango wako," alisema, machozi yakimtoka, "ugongwe na wageni mpaka uzeeni."

Mama akaachia mkono. Akashuka, akakaa chini mbele kabisa, akaniambia, "Haya, endeleeni." Nikainua mkono, ngoma ikalia, na Gidamis akacheza siku ile mpaka mwongozaji akasahau kugomba.

Tangu hapo kitu cha kwanza kwenye meza yangu kilikuwa maziwa na majani mabichi. Kila mchezo wenye laana ulimalizikia nyuma ya pazia kwa kuifuta. Mkiniuliza siri ya kupanga kazi, ni hiyo: kabla hujatoa kitu jukwaani, jua kitarudije. Fimbo irudi mezani, na neno nalo lirudi mahali pake.

Nilipostaafu wakubwa hawakukosa hotuba ndefu, nami nikasinzia kidogo. Mwishoni alikuja yule mama, amezeeka, Gidamis akimshika mkono. Alikuwa na kibuyu na majani. Alinipulizia maziwa kwenye blauzi yangu mpya, akaniombea neno lile lile la mlango.

Sasa nalima vitunguu swaumu hapa Daudi, na sijui kama nitavimaliza kupalilia. Leo kabla yenu wamekuja wasichana wawili kuuliza habari za pazia, jana mwongozaji wangu wa zamani, na mwenzenu sijanywa hata uji. Mnasikia? Kuna mtu tena mlangoni. Ngojeni nikamfungulie.