Tomati ya Mjomba Wake

Nililelewa Tanzania, katika kambi ya wakimbizi. Tuliporudi nchini kwetu, wazazi wangu walipata shamba Giteranyi, lakini mimi jembe lilinishinda. Nikafungua duka dogo Muyinga mjini: sabuni, chumvi, mafuta, na tomati, ile nyanya ya kusaga ya makopo. Tomati hiyo sisi wenye maduka sote tuliichukua kwa mzee mmoja wa Kiislamu mwenye ghala. Yeye ndiye aliyenifundisha biashara, nami nilimheshimu kama baba.

Asubuhi moja wakaja wakaguzi wa serikali kutoka Gitega, mwanamume mmoja na dada kijana aliyejitanda kitambaa cha kijani. Yule dada alichukua kopo langu, akakwaruza karatasi yake kwa ukucha. Chini ilikuwepo karatasi nyingine, yenye tarehe iliyokwisha kupita. Akalifungua, akakoroga tomati kidogo katika glasi ya maji, akadondoshea iodini, ile dawa ya kahawia ya vidonda. Maji yakageuka meusi.

"Hapa iko unga, mama," akaniambia. "Na huku wameandika nyanya tupu. Ulitoa wapi?"

Yeye akaigeuza katoni, akaona muhuri wa ghala. Akamwambia mwenzake kwa sauti ya chini, "Ni kwa mjomba wangu. Ndiye aliyenisomesha."

Nilidhani watapanda gari warudi kwao. Wakaenda ghalani, nasi wenye maduka tukafuata nyuma.

"Mwanangu! Mbona hukunipigia simu?" mzee akafurahi.

Dada akamsalimu kwa mikono miwili, akamuuliza hali ya mkewe na wajukuu. Halafu akampa mwenzake kalamu. "Andika wewe. Mi ni mtoto wake, haifai niandike. Lakini siondoki."

Makopo yalipofunguliwa, mzee alifoka. "Minerivali yako ya shule nililipa mimi, leo unanifungia mlango?"

"Sijasahau, mjomba. Lakini hii watu wanalisha watoto." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Tuambie tu nani alikuletea."

Mzee aliketi juu ya gunia. Mwishowe akamtaja aliyemletea makopo na kuyabandika karatasi zile. Ghala likafungwa kwa muda, makopo yakapondwapondwa na kufukiwa nje ya mji. Aliyemletea alikamatwa. Sisi wadogo hatukuadhibiwa; dada alipita duka kwa duka akitufundisha kukagua katoni kabla ya kuipokea.

Baadaye nilikwenda Gitega kumwona ndugu yangu katika mtaa wa Yoba, nikakutana na yule dada akinunua mkaa. Nikamuuliza habari za mjomba.

"Simu zangu alikuwa hapokei," akasema. "Hata Idi nilikwenda, nikala na mkewe peke yake. Lakini juzi kanipigia mwenyewe. Kaletewa mafuta ya kula, eti tuje tuyapime kabla hajauza hata chupa."

Alicheka, akajitwika mfuko wake wa mkaa. Nilimsindikiza hadi nyumbani kwake, nikiona fahari kutembea naye.